Kadi Nyekundu Mbele ya Jeneza

Likasi, Jumanne tarehe 4 Novemba 2025. Asubuhi mawingu mazito upande wa mlima, upepo kidogo, mvua bado haijaamua.

Tantine Suzanne mpendwa, shangazi yetu wa redio, unisamehe kuanza na tarehe na hali ya hewa kama karani, ni mazoea yangu tangu sekondari, lakini ninachokuomba leo kimenishinda: nataka kujua kama mjane aliyecheka mbele ya jeneza la mumewe ametenda dhambi ya kuombewa msamaha kanisani, maana mjane huyo ni mimi, na shemeji yangu Eddy, mdogo wa marehemu, ameapa kwamba nisiposimama mbele ya waumini Jumapili tarehe 23 na kutubu kicheko hicho, yeye hatanivua nguo nyeusi siku ya kumaliza kilio, Jumamosi tarehe 29, na nitabaki nazo mpaka atakapopenda.

Mume wangu Arsène alikufa mwezi wa pili, tension, presha ya damu, ilimpanda akiwa juu ya ngazi akifunga taa, kwa sababu alikuwa fundi umeme, ingawa hapa mtaani kwetu Panda hakuna anayemkumbuka kwa umeme, wote wanamkumbuka kama mwamuzi wa mpira wa mtaa, yule mwamuzi mnene aliyechezesha mechi nzima akiwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, akipuliza filimbi kwa makosa yaliyotokea mbali ambayo hakuyaona hata kidogo, na watu wakimtukana na kumpenda kwa pamoja. Mimi niliishi naye miaka mingi na sikumbuki siku iliyopita bila yeye kunichekesha, halafu akafa, na mimi sikuweza kulia. Kilioni nilikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, wote wanalia, mimi nawaza kama mafuta ya kupikia yametosha, na nyuma yangu nikasikia mmoja akimwambia mwenzake, "Ona ile macho, kavu sawa samaki ya chumvi. Uyu mwanamuke anajua kilichoua bwana yake."

Siku ya maziko, jeneza liko uani, Eddy anatoa hotuba ndefu sana, ndipo akaingia msichana ambaye sikumjua. Kichwa amenyoa kabisa, miguuni ana buti za kiume zenye udongo mwekundu, na mwilini, Tantine, amevaa nguo za uamuzi za Arsène, shati jeusi na kaptula, alizozitoa kwenye kamba yangu nyuma ya nyumba bila kumwuliza mtu. Ndani ya shati ameweka mto liwe tumbo. Alikwenda kwenye kivuli cha ukuta akasimama pale, mikono kiunoni, tumbo mbele, na watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, kwa sababu alikuwa ni Arsène mtupu. Kisha akapuliza filimbi na kumwelekezea kidole mama mmoja wa kwaya aliyekuwa akilia kuliko wote.

"Weye, mama! Machozi iko wapi? Unalia na mudomo tu! Kadi ya njano!"

Akamgeukia Eddy. "Na weye, hotuba gani haina mwisho? Marehemu njo mwenye siku, haiko weye. Nyekundu! Toka inje ya uwanja!"

Halafu akalifuata jeneza, akaligonga kama mtu anayebisha mlango. "Arsène! Nani alikuruhusu kutoka? Mechi haijaisha! Unaacha bibi yako peke yake katikati ya uwanja na mutoto, unaenda kulala? Nyekundu!" Na akaiweka ile kadi juu ya mfuniko.

Nilicheka. Sikutabasamu, Tantine, nilicheka mpaka nikaanguka upande kwenye mkeka, kitambaa kikanitoka kichwani, na wakati nikicheka nikasikia sauti yangu imebadilika, nikajua sasa ninalia, nikalia kama mtu anayetapika, na hakuna aliyeweza kuninyamazisha mpaka makaburini. Lakini watu wanakumbuka mwanzo tu.

Eddy alimshika yule msichana mkono akipiga kelele, "Uyu ni mutoto ya inje ya Arsène! Amekuya kutafuta uriti!" Uani kukawa na minong'ono, wengine wakakadiria umri wake, na mimi mwenyewe, nakuambia ukweli, nilianza kutafuta pua ya Arsène kwenye uso wake. Msichana akajibu tu, "Miye ni Mbuzi. Niko kwa kazi yangu." Ndipo Mama Mukubwa Berthe, dada mkubwa wa marehemu mama wa Arsène na Eddy, aliyekuwa amekuja kutoka kijiji cha wavuvi kule Tshangalele, akasimama na kusema, "Eddy, acha bujinga. Uyu ni nungwe yenu, na unajua vizuri."

Mimi wazazi wangu ni Waluba wa Kasaï na nimekulia mjini, mambo hayo nilikuwa nimeyasikia tu. Arsène na Eddy ni watu wa ukoo wa Chui kwa upande wa mama yao, na huyu Jaël, ndilo jina lake, ni wa ukoo wa Mbuzi, na tangu zamani koo hizo mbili ni watani, bunungwe, kwamba Chui akifa Mbuzi anakuja kumtukana marehemu na kumwiga na kuwasumbua wanaolia, na anapewa kuku au kinywaji, na hakuna anayekasirika. Lakini kanisani kwetu tumefundishwa kwamba mambo hayo ni ya giza, na Eddy alikuwa amewapelekea watu wa Mbuzi ujumbe wasije. Wakubwa wao walikubali. Jaël hakukubali. Eddy alimtoa nje bila hata paja la kuku, na aliporudi niliona jambo ambalo sijamwambia mtu: aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika, akakaa vile muda mrefu.

Mwezi wa sita Jaël akarudi. Anatengeneza simu sokoni, shuleni walimfukuza kwa sababu ya kichwa chake na kwa sababu ya kumwuliza mhubiri maswali, na si msichana rahisi, alikula sufuria ya maharage iliyokuwa ya jioni ndipo akaniambia, "Ma Clo, kilio yenu haikuisha. Tufanye film." Nikamwambia atoke. Akakaa. Filamu yenyewe ni hivi: mwamuzi aliyekufa anarudi kwenye kilio chake mwenyewe, hakuna anayemwona isipokuwa mkewe, naye anapita kati ya watu akitoa kadi kwa wanaolia uongo. Jaël ndiye mwamuzi. Mke ni mimi, na wanaolia ni vijana wa sokoni, mmoja wao akiwa Eddy. Tumeipiga kwa simu yake kiangazi chote, mchana, uani kwangu, na ninakuandikia bila aibu kwamba ilikuwa miezi mizuri. Binti yetu Tina alikuwa hajalitamka neno papa tangu maziko. Siku moja alikuwa anatuangalia kutoka mlangoni, akasema kwa hasira, "Papa hatembeake vile! Alikuwa anavuta muguu ya kushoto!" Na akaja kumwonyesha Jaël jinsi baba yake alivyotembea, akazunguka ua mzima akivuta mguu, na tangu siku ile anamzungumzia baba yake kila wakati wa kula.

Sasa Eddy ametukuta. Alikuja wiki iliyopita bila kubisha, Jaël amekaa kwenye kiti cha Arsène na tumbo la mto, mimi nimevaa nguo za kilio namgombeza kwamba anaweka chumvi kwenye mboga kabla ya kuonja. Eddy, ambaye huniita yaya, dada mkubwa, alisimama kama mtu aliyeona mzimu.

"Yaya Clotilde, unacheza teatro na nguo ya kilio ya ndugu yangu?"

Jaël akamjibu kabla yangu, akimwita vié, mzee, kama vijana wa sokoni. "Vié Eddy, unaogopa film, ama unaogopa sura yako mu film?"

"Weye mutoto haukufundishwa!"

"Nilifundishwa, papa. Weye njo ulisahau."

Basi akaweka masharti yake: nimfukuze Jaël, filamu ifutwe mbele ya macho yake, na nitubu kanisani. Jaël kwa upande wake anasema ataionyesha siku ya kumaliza kilio hata ikibidi kwenye ukuta wa jirani, hamsikii mtu yeyote, hata mimi. Nikimfukuza, namfukuza mtu pekee aliyenifanya nimlilie mume wangu. Nisipomfukuza, nitakuwa mjane asiyevuliwa, na unajua mji huu unavyomtazama mwanamke wa namna hiyo, anaonekana ana deni na marehemu. Nishauri. Jina langu ulisome tu hewani, mtaa mzima unakijua kicheko changu.

Clotilde, Panda.

*

Clotilde mwanangu, umesomwa, jina na vyote, na hapa studio fundi wetu wa mitambo amelazimika kutoka nje kupangusa macho.

Nianze na pole. Arsène sikumjua, lakini mtu anayeweza kuchekesha ua mzima akiwa ndani ya jeneza, huyo ni hasara kwa mji. Na hao waliosema macho yako makavu, wasikusumbue. Kuna watu machozi yao yako karibu, na kuna wengine yako ndani kisimani, yanahitaji mtu wa kushusha ndoo. Wewe ulishushiwa. Kucheka kwako ndiko kulikuwa kulia kwako. Dhambi iko wapi? Mimi sala yangu nasali kila siku na sijaona mahali Mungu alipokataza. Usisimame Jumapili kutubu. Mchungaji akikuita, mwambie kwa heshima kwamba unataka kutoa shukrani, si toba, na utoe hiyo shukrani, kisha ukae.

Sasa nikugombeze, maana umeniomba ushauri, hukuniomba maziwa.

Miezi yote ya kiangazi unaigiza kifo cha mtu wa Chui ndani ya nyumba ya mtu wa Chui, na Chui hawana habari! Ulidhani Eddy ataisikia kwa nani, kwa jirani? Mtu akikuta kiti cha kaka yake aliyekufa kimekaliwa na mtu mwenye sauti ya kaka yake, unataka apige makofi? Ungekuwa wewe, ungepiga mayowe. Hapo ulikosa, na kosa hilo ndilo la kuombea msamaha, si kanisani, nyumbani kwake, ukiwa umekaa.

Na huyo Jaël wako. Nimempenda, lakini mwambie kutoka kwangu: utani una mipaka yake. Mtani anatukana mbele ya watu wote, jua likiwa linawaka, na anayetukanwa yuko pale na anajua ni siku yake. Mtu hatukanwi kwa kificho halafu akaonyeshwa ukutani mbele ya wageni. Hiyo si kazi ya Mbuzi, hiyo ni kisasi cha kuku aliyenyimwa. Kama Eddy yumo ndani ya filamu, Eddy aione kwanza.

Lakini sikiliza jambo ambalo umeliandika mwenyewe na hukulisoma. Umesema Eddy aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Clotilde, mtu aliyekasirika hageukii ukuta, anakugeukia wewe. Yule alikuwa anacheka, au analia, na sidhani yeye mwenyewe alijua ni kipi. Wewe ulikuwa na mkeka wa kuangukia. Yeye alikuwa na hotuba mkononi na kwaya inamtazama. Tangu mwezi wa pili mtu huyo amesimama na kilio chake kooni, na anayemwona anamwona anaamrisha.

Na mwisho, habari ya kuvuliwa. Nani alikuambia kwamba ufunguo uko kwa Eddy? Ukoo wa Chui umepitia kwa mama. Eddy ni mdogo wa marehemu, sawa, ana sauti yake. Lakini dada mkubwa wa mama yao yuko hai, ana miguu, ana akili, na kilioni alisimama mbele ya watu wote akasema ukweli. Kwetu, mama yangu alipofiwa, mama mkubwa wa ukoo ndiye aliyemfungua kitambaa, na wanaume walikaa wakiangalia. Umeniandikia mimi ninayekaa kwenye redio, na mwenye haki ya kukufungua anakausha samaki Tshangalele! Kwa nini hukumwendea? Kwa sababu unaogopa naye atasema ulicheka? Yeye alikuwepo, alisikia.

Kwa hiyo panda gari wiki hii uende kwake. Usimtume mtu, usipige simu. Mweleze filamu yote, hata maharage. Kisha urudi naye mpaka kwa Eddy, mchana, nyinyi watatu na simu ya Jaël, Jaël mwenyewe abaki sokoni. Muombe Eddy msamaha kwa kumficha, umwonyeshe, ukae kimya mpaka mwisho. Usimweleze kitu. Akiifuta, basi imefutwa, na bado Mama Mukubwa atakufungua tarehe 29. Asipoifuta, mtajua la kufanya. Nenda, mwanangu. Na kuku wa watu wa Mbuzi alipwe.

*

Likasi, Jumapili tarehe 30 Novemba. Asubuhi anga safi, ardhi bado ina maji ya jana, jua kali mapema.

Tantine Suzanne, ninakuandikia ili usikie mwisho wake kutoka kwangu, si kutoka sokoni.

Nilikwenda Tshangalele. Mama Mukubwa Berthe alinisikiliza akigeuza samaki juu ya moshi, na nilipomaliza akauliza swali moja tu, "Mu ile film, miye niko?" Nikasema hapana. Akasema hilo ni kosa.

Kwa Eddy tulifika baada ya chakula. Nilipiga magoti nikaomba msamaha kwa kumficha, akatazama pembeni. Mama Mukubwa akamwambia, "Eddy, kaa. Angalia." Akaangalia simu akiwa ameishika mbali na uso, kama mtu anayesoma barua ya polisi. Alipoona Jaël anavuta mguu wa kushoto, aliisogeza simu karibu na uso. Ilipofika mahali pake, kijana aliyemwigiza anamlilia kaka yake kwa machozi ya kuhesabu huku akitazama kama watu wanamwona, na mwamuzi anampa kadi nyekundu, Eddy akaisimamisha. Nikasema moyoni, sasa anafuta.

"Hapa siko miye," akasema. "Sikulia vile."

Akairudisha nyuma, akaitazama tena.

"Nililia kupita. Nililia ku ukuta, Yaya. Hamukuona?"

"Niliona," nikasema.

"Basi ile sehemu irudiliwe. Na huyu kijana simutaki. Nitafanya miye mwenyewe."

Toba Eddy hakuitaja tena, na Jumapili tarehe 23 nilitoa shukrani kanisani, nikakaa. Sehemu yake tuliipiga Alhamisi, uani kwangu, jua likiwa juu. Jaël alimweka mbele ya ukuta, akamwambia kwa sauti ya Arsène, "Haya, mudogo yangu, lia tuone," na Eddy akaanza kumtukana, akamwita mbuzi asiye na ndevu, mwizi wa nguo kwenye kamba, mla maharage ya wajane, akamtukana vizuri sana, Mama Mukubwa akipiga makofi, na katikati ya matusi akashika ukuta kwa mikono miwili na hakuweza kuendelea. Jaël aliweka simu chini. Sehemu hiyo haimo kwenye filamu, filamu inaishia kwenye matusi.

Jana filamu ilionyeshwa kwenye shuka jeupe chini ya turubai, kwa sababu mvua ilinyesha. Mchungaji hakuja, alituma salamu. Watu watatu wa kwaya waliondoka katikati, yule mama wa kadi ya njano alibaki na akacheka kuliko wote. Mama Mukubwa Berthe alinifungua kitambaa kwa mkono wake, Eddy akanivika kipya cha rangi ya machungwa ambacho alikinunua mwenyewe na ambacho, nikwambie ukweli, ni kibaya sana. Watu wa Mbuzi walipewa kuku wawili. Jaël alikula mmoja peke yake na akasema kuku huyo hakuiva.

Nje walikuwa bado wanaimba, Tina yuko mapajani kwa Eddy akimsimulia mambo ya baba yake, sahani hazijaoshwa. Niliingia ndani nikasema nipumzishe mgongo kidogo. Nililala saa mbili na robo usiku, na sikuamka mpaka jua la leo, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.